Kanuni za tiba huandikwa na wale waliopeleka dosie

Mwaka 2012 jarida la waganga wa Marekani, JAMA, lilichapisha maelezo mapya ya ugonjwa mmoja unaoua haraka. Mtu amepata nimonia kali, au ajali, au ameungua, au maambukizi yameingia katika damu. Kisha ndani ya siku saba mapafu yake mawili yanajaa maji na kushindwa kazi. Waganga wetu wa Kongo huuandika kwa herufi nne: SDRA. Maelezo hayo yanaitwa ya Berlin, kwa sababu wataalamu walikutana katika mji huo. Waliitwa na chama cha Ulaya cha waganga wa wagonjwa mahututi (ESICM), na vyama viwili vya Marekani vikaunga mkono.

Berlin ilisema hivi: ili mgonjwa ahesabiwe kuwa na SDRA, awe amefungwa kwenye mashini ya kumsaidia kupumua yenye kiasi fulani cha shinikizo la hewa, damu ya mshipa wa ateri ipimwe gesi, kifua kipigwe radiografi au skana. Kwa hospitali ya Berlin hayo ni mambo ya kila siku. Kwa hospitali nyingi za upande wetu ni ndoto.

Miaka michache baadaye kundi la waganga wa Rwanda na Marekani lilifanya kazi rahisi sana katika hospitali kuu ya chuo kikuu ya Kigali. Kwa wiki sita walipita vitanda vyote wakiwapima watu wazima kwa kile kifaa kidogo kinachobana kidole, oksimeta. Mahali pa radiografi peke yake walikubali pia ekografi ya mapafu. Hawakudai mashini ya kupumulisha. Kati ya wagonjwa 1,046 waliolazwa, walikuta 42 wenye SDRA. Nusu yao walikufa. Walioingia chumba cha wagonjwa mahututi hawakufika hata theluthi moja. Kisha wakachukua maelezo ya Berlin na kuwahesabu upya watu walewale. Jibu lilikuwa sifuri. Kwa kanuni iliyokuwa ikitumika ulimwenguni, hakuna hata mmoja wa wale 42 aliyekuwa na ugonjwa uliowaua wenzake.

Najua kwamba jina la Kigali, masikioni mwa wengi wetu leo, si jina la hospitali. Hilo halifuti walichofanya waganga hao, na sisi wa Goma, Bukavu, Beni na Bunia tuna sababu ya pekee ya kukisoma. Wagonjwa wao ni kama wagonjwa wetu, na vyumba vyao ni kama vyumba vyetu. Tofauti iko katika jambo moja: wao waliandika, wakapeleka. Makala yao ilichapishwa mwaka 2016 katika jarida la chama cha Marekani cha magonjwa ya kifua, ATS. Kati ya Juni 2021 na Machi 2022 wataalamu 32 walikutana mara sita kwa njia ya intaneti kutunga maelezo mapya ya SDRA kwa ulimwengu wote, na kazi ya Kigali ilikuwa mezani. Maelezo hayo yalipotoka, mwaka 2023 kwa intaneti na 2024 kwa karatasi, yalikuwa na fungu zima kwa mahali pasipo na vifaa: oksimeta yatosha, ekografi yatosha, wala mashini ya kupumulisha si sharti tena.

Hivyo ndivyo wagonjwa wasiohesabika walivyoanza kuhesabika. Safari hiyo ilichukua zaidi ya miaka kumi tangu Berlin, na ilipitia mlango ambao makanisa yetu yenye hospitali hawaufahamu vizuri, yaani mlango wa vyama vya kitaaluma vya waganga. Kwa hiyo leo tuuchunguze.

Tuanze na neno lenyewe, kwa maana hapa Kongo linachanganya. Tuna Baraza la Waganga, lile tunaloliita Ordre, ambalo humpa daktari namba ya kufanya kazi na kumwadhibu akikosea. Tuna sendika, ambayo hudai mishahara na kuitisha mgomo. Chama cha kitaaluma ni kitu cha tatu. Wanachama wake ni waganga, wauguzi na watafiti wa fani moja, kama vile mapafu, upasuaji, uzazi au watoto. Kinatoa jarida, kinafanya mkutano wa kila mwaka, na zaidi ya yote kinatoa hati ambazo wengine wote wanazifuata. ATS, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1905 na waganga wa vituo vya kifua kikuu. Haina jeshi wala bunge. Lakini chama cha namna hiyo kikitamka kwamba mgonjwa wa aina fulani atibiwe hivi, walimu wa vyuo wanakifundisha, wizara zinakiingiza katika miongozo, wafadhili wanauliza kwa nini hukukifuata, na muuguzi wa Walikale anakikuta kimebandikwa ukutani bila kujua kilitoka wapi.

Ni nani basi anaamua hati gani iandikwe? Wengi wanafikiri wakubwa wa chama hukaa na kuamua. Si hivyo kabisa. Katika vyama vingi vikubwa, mara moja kwa mwaka hufunguliwa kipindi cha kupokea mapendekezo kutoka kwa wanachama wenyewe. Mwanachama, au kikundi cha wanachama, anapeleka pendekezo la mradi: tunaomba chama kitupe ruhusa, watu na fedha kidogo ili tuandike hati juu ya swali hili. Kamati ya fani husika hulisoma. Likipita, hupanda kwenye kamati nyingine inayolinganisha mapendekezo ya fani zote, kwa sababu fedha hazitoshi kwa wote. Mwisho halmashauri ya chama hukubali au kukataa. Baada ya hapo ndipo kazi ya kuandika inapoanza, na mara nyingi inachukua mwaka mmoja, miwili, pengine zaidi. Hati ikikamilika inasomwa na wataalamu wasiokuwa katika kundi, inasahihishwa, inarudi halmashauri, kisha inachapishwa kwa jina la chama.

Hati zenyewe hazifanani, na hapa ndipo wengi wanaanguka mapema. Mwongozo wa tiba ni hati nzito: unadai kukusanya utafiti wote uliopo juu ya swali, kuupima nguvu, na kusema wazi kama ushauri ni wa uhakika au wa kusitasita. Waraka wa msimamo ni mwepesi zaidi. Wafaransa wanauita kitabu cheupe. Unaeleza tatizo, unaonyesha yanayojulikana na yasiyojulikana, na unasema chama kinasimama wapi na kinaomba serikali au waganga wafanye nini. Kuna pia ripoti ya mkutano wa wataalamu, na hati ya utafiti inayotaja maswali yanayopaswa kuchunguzwa. Hospitali ya zoni isiyo na mtaalamu wa takwimu haiwezi kuongoza mwongozo wa tiba. Inaweza kabisa kuwa mshiriki katika waraka wa msimamo, na pengine kuuanzisha.

Wengine watasema hizi ni anasa. Vita vimetufikia, wakimbizi wamejaa, na mnatuzungumzia makaratasi ya wazungu? Swali ni la haki, na jibu lake liko katika habari ya watoto 3,141.

Kwa miaka mingi mafundisho ya ulimwengu yalisema kwamba mtoto mwenye homa kali ambaye damu yake haizunguki vizuri, mikono na miguu baridi, apewe serumu nyingi kwa haraka. Mafundisho hayo yalitoka katika nchi ambazo mtoto wa namna hiyo ana chumba cha wagonjwa mahututi kinachomsubiri. Waganga wa Kenya, Uganda na Tanzania, pamoja na wenzao wa Uingereza, waliamua kuyapima katika hospitali 6 za Afrika ya Mashariki, na mojawapo ilikuwa ile ya Muheza, iliyoanzishwa na misheni ya Kianglikana. Jina la utafiti huo ni FEAST. Waliopewa serumu ya haraka, zaidi ya 10 katika kila watoto 100 walikufa ndani ya saa 48. Wasiopewa, walikufa 7 hivi katika kila 100. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake, Januari 2011, kwa sababu tiba iliyotarajiwa kuokoa ilikuwa ikiua watoto watatu zaidi katika kila mia. Huko Lusaka, Zambia, matokeo ya namna hiyo yalionekana baadaye kwa watu wazima wenye maambukizi ya damu na presha ya chini. Katika kundi lililopewa serumu nyingi kwa utaratibu wa kigeni walikufa 48 katika 100, na katika kundi la tiba ya kawaida 33. Makala hiyo ilitoka mwaka 2017.

Sasa angalia tarehe. FEAST ilichapishwa 2011. Mwongozo wa kimataifa wa vyama vya waganga wa wagonjwa mahututi juu ya maambukizi ya damu kwa watoto, unaosema bila kusitasita kwamba pasipo na chumba cha wagonjwa mahututi mtoto ambaye presha yake haijashuka asipewe serumu ya haraka, ulitoka 2020. Ni miaka tisa. Katika miaka hiyo ni wauguzi wangapi wa zoni zetu za afya waliendelea kufungua serumu kwa mwendo wa kasi, kwa moyo mwema, kwa sababu karatasi iliyo ukutani ilisema hivyo? Hakuna aliyewahesabu. Mimi siwezi kuyaita hayo makaratasi ya wazungu. Ni mambo ya kitanda cha mtoto wa Masisi.

Wala tusijidharau, kana kwamba mashariki ya Kongo haijawahi kubadilisha kanuni yoyote. Imebadilisha, na kwa bei kubwa. Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, kuanzia Novemba 2018, wagonjwa 681 wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina walikubali kuingia katika utafiti uliolinganisha dawa nne, ukiongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake. Mojawapo ya dawa hizo ilikuwa imetokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Vituo vilichomwa moto, watu wa afya walishambuliwa, na utafiti uliendelea. Agosti 2019 ulisimamishwa kwa sababu njema: dawa mbili zilikuwa zimeonyesha wazi kuokoa kuliko nyingine. Kwa wale waliopewa hizo mbili, vifo vilikuwa kama 34 katika 100. Kwa nyingine mbili vilikuwa 50 na zaidi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa mwongozo unaozipendekeza dawa hizo mbili. Kila mgonjwa wa Ebola ya aina hiyo atakayetibiwa kokote duniani atatibiwa kwa yale yaliyojulikana Beni na Butembo.

Lakini kuna tofauti ambayo tusiifiche. Utafiti ule ulikuwa na nguvu za serikali mbili, mashirika makubwa na ndege. Ebola ilivuta macho ya ulimwengu. Mtoto wa nimonia kule Lubero havuti macho ya mtu. Swali lake likifika mahali panapoandikwa kanuni, ni kwa sababu mganga au muuguzi wa hospitali fulani alijaza fomu na kuipeleka.

Kwa nini basi dosie za kwetu ni chache? Sababu zinazotajwa kila mara ni lugha, ada na intaneti, nazo ni za kweli. Lakini ziko njia za kuzipunguza. Vyama vingi vya kimataifa hupunguza ada ya wanachama wa nchi zenye kipato kidogo, kwa kufuata orodha ya Benki ya Dunia, na Kongo imo katika orodha hiyo. Mpango wa Hinari, ulioanzishwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Ulimwenguni pamoja na wachapishaji, hufungulia vyuo na hospitali za nchi maskini maelfu ya majarida bure au kwa bei ndogo. Hospitali ikishajiandikisha, daktari wake anasoma alichosoma mwenzake wa Paris. Na Kiingereza si mlango pekee. Kuna vyama vya lugha ya Kifaransa, kama SRLF ya waganga wa wagonjwa mahututi na SPLF ya mapafu, ambavyo hutoa hati zao katika lugha waliyosomea madaktari wetu.

Sababu nzito zaidi, kwa maoni yangu, ni nyingine. Kalamu zetu zimefundishwa na wafadhili. Kwa miaka mingi hospitali za makanisa zimeishi kwa kuandika maombi ya msaada, na ombi la msaada lina sura yake: linaanza na mateso, linataja idadi ya wajane na yatima, linaonyesha picha, linamalizia na bajeti. Tumekuwa hodari katika uandishi huo. Siulaumu, umejenga maternite nyingi. Lakini ukipeleka dosie yenye sura hiyo kwa chama cha kitaaluma, itarudi. Wanaoisoma wanatafuta vitu vingine kabisa. Swali ni lipi, na linaweza kuandikwa katika sentensi moja? Ni wagonjwa gani, tiba gani, ikilinganishwa na ipi, na matokeo gani yatapimwa? Tayari kuna nini kilichoandikwa, na kwa nini hakitoshi? Kuna chama kingine kinachoandika hati hiyohiyo sasa hivi? Ni nani watakaokaa mezani, na kati yao yumo muuguzi, yumo mtu aliyewahi kuugua, yumo mtu wa takwimu? Kazi itakwisha lini? Hati ikitoka, nani ataitumia?

Sentensi kama «wagonjwa wetu wanakosa oksijeni na wanakufa» ni kweli tupu, na ingepita mara moja katika barua ya kwenda kwa rafiki wa Uswidi au Ujerumani. Katika pendekezo la mradi haisemi kitu. Igeuze: kwa watoto wa chini ya miaka mitano wenye nimonia katika hospitali zenye mashini moja ya kutengeneza oksijeni na umeme wa saa chache, ni kiwango gani cha oksijeni katika damu kinachofaa kuwa mpaka wa kuanza kumpa mtoto oksijeni, na mpaka wa kumwondoa ili apewe mwingine? Hapo mtu wa kamati anainua macho. Yeye hajawahi kulala usiku akichagua kati ya watoto watatu na mrija mmoja. Wauguzi wetu wamelala hivyo mara nyingi, na hekima waliyoipata humo haijaandikwa popote.

Kitu cha pili kinachorudisha dosie ni kutotangaza masilahi. Kila anayetaka kukaa katika kundi la waandishi hudaiwa aseme ni nani anayemlipa: kampuni ya dawa, kampuni ya vifaa, shirika. Tangu mwaka 2011 taasisi ya tiba ya Marekani ilipotoa kanuni zake juu ya miongozo ya kuaminika, vyama vingi vinataka mwenyekiti awe hana masilahi ya namna hiyo, na wenye masilahi wawe wachache katika kundi. Watu wa kwetu huona aibu kujaza sehemu hiyo, kana kwamba ni kukiri dhambi. Si dhambi. Daktari aliyelipiwa ndege na kampuni aandike tu kwamba alilipiwa. Kinachoharibu ni kimya.

Yuko mwingine anayepaswa kulindwa kuliko chama: mgonjwa. Sisi tunaishi mahali ambapo orodha ya majeruhi inaweza kumwua aliyeandikwa ndani yake. Januari 2025, Goma ilipoangukia mikononi mwa M23, hospitali ya CBCA Ndosho ilipokea majeruhi kupita vitanda vyake, raia na wenye silaha pamoja. Hospitali ya Panzi imewatibu wanawake maelfu kwa maelfu ambao jina la kila mmoja ni siri takatifu. Yaliyojifunzwa katika nyumba hizo yanastahili kufika katika meza za kanuni, na mengine yamekwisha kufika: namna ya Panzi ya kuunganisha upasuaji, msaada wa moyo, msaada wa sheria na njia ya kujitafutia maisha inafuatwa sasa katika nchi nyingine. Lakini dosie yoyote inayotumia habari za wagonjwa ipite kwanza kwenye kamati ya maadili. Vyuo vyetu vya makanisa vyenye wasomi wa tiba, kama ULPGL ya Goma na UEA ya Bukavu, viko karibu kwa shauri hilo. Jina lisitoke, kijiji kisitoke, uso usitoke. Na hapa naongeza neno kwa wachungaji: desturi ya kupiga picha wagonjwa wodini ili «kuonyesha wafadhili» imezoeleka mno, na chama chochote cha kitaaluma kikiziona picha hizo kitauliza ruhusa iko wapi.

Tena kuna habari ya jina la kwanza. Mara nyingi mtaalamu kutoka mbali anakuja na swali lake, anachukua rejista zetu, anarudi, na hati inatoka ikiwa na majina ishirini, la daktari wetu likiwa la kumi na saba. Kushirikiana na wageni si vibaya. Hata kazi ya Kigali ilikuwa ya kushirikiana, hata FEAST. Jambo la kuuliza mwanzoni, kabla ya kufungua rejista, ni nani aliyechagua swali. Aliyechagua swali ndiye mwenye mradi. Makubaliano hayo yaandikwe karatasini, yatiwe sahihi na mganga mkuu na mwakilishi wa kanisa, siku ileile ambayo mgeni anakunywa soda yake ya kwanza ofisini.

Wakati tulio nao unaongeza uzito wa mambo haya. Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje mwanzoni mwa 2025, na kufikia Julai mwaka huo USAID ilikuwa imefungwa. Kwa watu wa ECC si habari ya mbali: mradi wa SANRU, uliosaidia kujenga zoni za afya za nchi hii, ulianza mwaka 1981 kati ya kanisa na USAID hiyohiyo. Fedha zilizobaki ulimwenguni zinagombaniwa, na wanaozigawa wanashika hati mkononi. Februari 2025 tume ya jarida la Lancet Global Health ilitangaza kwamba watu bilioni 5 hawafikiwi na oksijeni ya tiba iliyo salama na ya bei nafuu. Mwezi huohuo, katika jarida la Lancet lenyewe, ulitoka uchunguzi wa karibu wagonjwa 20,000 waliolazwa katika hospitali za nchi 22 za Afrika. Mmoja katika kila wanane alikuwa mahututi. Saba katika kumi kati ya hao mahututi walikuwa wamelala katika wodi za kawaida. Mmoja katika watano alikufa ndani ya siku saba. Ulimwengu umekwisha kubali kwamba tatizo lipo. Kinachoandikwa sasa ni namna ya kulitatua, na anayechelewa atakuta wengine wamechagua vifaa, viwango na mafunzo kwa ajili yake.

Si kila swali liende ng'ambo. Mengine ni ya wizara yetu, ya muganga mkuu wa zoni, ya programu za taifa, na ni makosa kutafuta sifa ya jarida la kigeni wakati karatasi ya ukurasa mmoja kwa idara ya afya ya jimbo ingetosha. Mimi ningeanzia hapo kwa mambo ya dawa na bei. Mambo ya mwili, yaani mgonjwa apewe nini na kwa kiasi gani, hayo ndiyo yanayofaa kwa vyama vya kitaaluma, kwa maana mwili wa mtu wa Kivu hautofautiani na wa mtu wa Mbale au Lusaka, na hali ya hospitali zao ni kama yetu. Hospitali tatu za makanisa tofauti, CBCA, CEPAC na nyingine, zikiuliza swali moja pamoja, zina nguvu kuliko hospitali moja kubwa peke yake.

Na parokia? Parokia ina sehemu, ingawa haijui kuandika takwimu. Ada ya uanachama ya daktari mmoja kwa mwaka, ikishapunguzwa, haizidi sana gharama ya viti vya sherehe moja ya kumpokea mgeni. Komite ya hospitali inaweza kuamua kwamba alasiri mbili za kila mwezi daktari fulani na muuguzi fulani hawaitwi katika mikutano, hawatumwi sokoni kununua mafuta ya jenereta, hawasindikizi wajumbe. Wanakaa na rejista. Kwa hospitali zenye daktari mmoja hilo ni gumu, nakubali, na hapo ni afadhali kazi ibebwe na muuguzi mkuu, ambaye mara nyingi ndiye mwenye kuwajua wagonjwa.

Rejista yenyewe ndiyo mahali pa kuanzia, kabla ya ada na kabla ya Kiingereza. Zetu nyingi zina jina, umri, kijiji, ugonjwa na tarehe ya kutoka. Hazina saa. Hazina kipimo cha oksijeni cha dakika ile mgonjwa alipofika, kabla hajawekewa mrija, na bila kipimo hicho waganga wa Kigali wasingewaona wale 42. Anayetaka kupeleka pendekezo mwaka ujao achore leo safu tano katika daftari la chumba cha dharura: saa ya kufika, oksijeni kabla ya tiba, lita alizopewa, saa alipopewa, ametoka hai au amekufa. Safu ya jina ibaki katika daftari lingine, linalofungiwa kabatini.